Plainview hakuiba hata pipa moja

Maneno yanayonukuliwa kuliko yote kutoka filamu ya There Will Be Blood ni yale ya milkisheki. Daniel Plainview, tajiri wa mafuta, mzee sasa na mlevi wa kupindukia, yumo katika chumba cha kuchezea boulingi ndani ya jumba lake. Mbele yake yuko Eli Sunday, mhubiri aliyeishiwa fedha, amekuja kumuuzia haki ya kuchimba kwenye shamba la Bandy, kipande pekee cha eneo lile ambacho Plainview hakuwahi kukitoboa. Plainview anamcheka. Shamba lile, anamwambia, limeshakauka, kwa sababu visima vyangu vinalizunguka. Wewe ukiwa na milkisheki yako nami nikiwa na yangu, na mrija wangu ukavuka chumba hiki mpaka kwenye glasi yako, nitainywa yangu na yako pia. Kisha anafyonza kwa mdomo, anapayuka, anamkimbiza mwenzake chumba kizima, na dakika chache baadaye anamponda kichwa kwa pini ya mchezo.

Tangu filamu itoke mwaka 2007 kipande hicho kimekuwa kichekesho, watu wakikiiga vilabuni na kukibandika kwenye picha za paka. Wachambuzi wenye staha zaidi wamekisoma kama kilele cha wazimu: tamaa imemla mtu mpaka akili imeruka. Mimi nakisoma kinyume. Ukiondoa kelele na mauaji, hotuba ya milkisheki ni kauli ya akili timamu kuliko zote zilizosikika katika saa mbili na nusu zilizotangulia. Ni somo la sheria, na mwalimu hakukosea hata nukta.

Sheria ya mafuta ya Marekani ilikulia Pennsylvania, kwa kuwa biashara yenyewe ilianzia huko: kisima cha Edwin Drake kilitoa mafuta Titusville mwaka 1859. Kwa sheria ya huko mwenye shamba anamiliki pia kilicho chini ya shamba. Kwa makaa ya mawe hilo halikuleta shida, maana makaa hukaa yalipo. Mafuta na gesi hayakai. Yamebanwa ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, na ukitoboa mahali yanakimbilia kwenye tundu lako bila kuuliza uzio wa juu ni wa nani. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Pennsylvania wakajikuta wakiulizwa: mafuta yaliyotoka chini ya shamba la jirani yakaingia kisimani kwangu ni ya nani? Mwaka 1889 wakayafananisha na wanyama pori. Mnyama akiwa kwenye ardhi yako ni wako, akivuka mpaka umempoteza, na atakayemkamata ndiye mwenye nyama. Mwaka 1907 mahakama hiyohiyo ikafika mbali zaidi. Jirani anayefyonzwa, ikajiuliza, afanye nini? Hakuna la kufanya, ikajijibu, ila naye akafanye vivyo hivyo.

Msomaji wa Injili ya Luka ataitambua kauli hiyo. Yesu aliitumia kumalizia habari ya Msamaria mwema. Majaji wakaitumia kumshauri mtu akachimbe upesi kabla jirani hajammaliza.

Matokeo yake yalionekana kwa macho. Pale Signal Hill, karibu na Long Beach, mafuta yalipopatikana mwaka 1921, watu walikuwa wameshauziwa viwanja vidogo vya nyumba. Kila mwenye kiwanja akataka kisima chake, na minara ya kuchimbia ikasongamana hadi miguu yake ikapishana. Mashariki mwa Texas, baada ya ugunduzi wa mwaka 1930, mbio zilikuwa kali mno hata bei ya pipa ikaporomoka hadi karibu senti 10, na mwaka uliofuata gavana akapeleka askari kufunga visima. Hakuna aliyekuwa mpumbavu katika mbio hizo. Aliyekuwa na subira ndiye aliyekosa. Ukiyaacha mafuta yako chini kusubiri bei nzuri, unamwachia jirani.

Sasa rudi kwa Plainview. Watu humwita dubwana, na kweli anatisha. Lakini ukimfuata hatua kwa hatua kuanzia mwaka 1898 hadi 1927, muda ambao filamu inaufunika, hutaona pipa moja aliloliiba. Anaua watu wawili, na hakuna mauaji hata moja kati ya hayo yanayomwongezea mafuta. Anadaiwa dola 5,000 na kanisa la Eli, deni ambalo halilipi, lakini kesi yake ingekuwa ya madai, ya kwenda kusikilizwa na hakimu wa wilaya. Mali yote aliyonayo aliipata kwa mikataba iliyotiwa saini na watu wazima. Hilo ndilo linalonisumbua katika filamu hii kuliko ile damu.

Mwongozaji Paul Thomas Anderson analijua, na ndiyo maana baada ya robo saa ya mwanzo isiyo na maongezi, tendo la kwanza la maneno mengi analompa Plainview ni kuuza. Dakika zile za kimya zinatuonyesha mtu peke yake shimoni New Mexico akitafuta madini ya fedha, anaanguka, anavunjika mguu, anajiburuta jangwani kwa mgongo mpaka mjini, na tunamwona akilala sakafuni huku sampuli yake ikipimwa. Hakuna anayemsaidia na hatujaonyeshwa akiomba. Halafu tunaruka hadi mwaka 1911, na mtu yuleyule amevaa suti, nywele zimechanwa, sauti imelainika kama ya mwanasheria wa zamani, yuko mbele ya wenye viwanja akisema kwamba yeye ni mtu wa mafuta na tena ni mtu wa familia. Pembeni amesimama mtoto, H.W., mwana na mshirika wake wa biashara, kama anavyomtambulisha. Sisi watazamaji tumeshaona kwamba baba mzazi wa mtoto huyo alikuwa kibarua aliyekufa ndani ya kisima cha Plainview. Wenye viwanja hawajui.

Katika mkutano ule watu wanaanza kugombana wao kwa wao: wenye viwanja vikubwa, wenye vidogo, nani alipwe kiasi gani. Plainview anachukua kofia yake na kuondoka. Anasema hata akipewa bure hataki. Mtazamaji wa kawaida huona kiburi. Lakini kwa kanuni ile ya majaji wa Pennsylvania, majirani wanaobishana ni sumu kwa mchimbaji, kwa sababu wakati wao wanajadiliana mgawo, mtu wa mtaa wa pili ameshateremsha bomba. Upton Sinclair, mwandishi wa riwaya ya Oil! ya mwaka 1927 ambayo filamu hii imechota kwayo, aliliona gombano la namna hiyo kwa macho yake: mkewe alikuwa na viwanja Signal Hill, na majirani walishindwa kuelewana. Anderson alichukua sura za mwanzo tu za riwaya, na tukio hilo ni miongoni mwa machache yaliyovuka yakiwa hai.

Kwa hiyo Plainview anahitaji muuzaji wa aina nyingine. Anahitaji mzee mmoja, shamba kubwa, asiye na jirani wa kumshauri. Kijana Paul Sunday anamletea habari za sehemu hiyo kwa dola 500 taslimu. Plainview na H.W. wanakwenda Little Boston, California, wakijifanya wawindaji wa kware. Mtetemeko wa ardhi umeyatoa mafuta juu, na mtoto anayaona yamegandia kwenye kiatu chake. Jioni ile baba anamwambia mtoto kwamba atajaribu kumlipa mzee Abel Sunday bei ya kware, si bei ya mafuta. Sentensi hiyo ni fupi, imesemwa kwa sauti ya chini, na kwangu ina uzito kuliko milkisheki. Humo mna elimu nzima ya biashara ya ardhi: thamani haiko kwenye udongo, iko kwenye tofauti kati ya anachojua mnunuzi na anachojua muuzaji. Si uwongo unaoweza kumfunga mtu. Mezani yupo Eli, pacha wa Paul, ambaye anajua kabisa kuna mafuta na anasema hivyo mbele ya baba yake. Mzee anauza hata hivyo.

Waliokulia kwenye vibanda umiza watauliza swali letu la kawaida: sterling ni nani? Maana tumezoea kwamba sterling hafi na adui lazima alipwe. Hapa adui na sterling ni mtu mmoja, na anayedhaniwa ni mpinzani wake, Eli, ni mfanyabiashara mwenzake aliyevaa kola. Imeandikwa mara nyingi kwamba filamu hii inapiganisha mtaji na dini. Ni kweli kiasi. Lakini pambano hilo si la mawazo. Eli hamwambii Plainview kwamba tamaa ni dhambi. Anamwambia anataka dola 10,000 kwa ajili ya kanisa, kisha wanakubaliana 5,000. Anataka kukibariki kisima siku ya kuzinduliwa, na anampangia mwenzake jinsi ya kumtambulisha mbele ya watu. Plainview anasikiliza kwa adabu, na siku ikifika anamshika mkono binti mdogo, Mary Sunday, anakibariki kisima kwa jina lake, na Eli anabaki amesimama katikati ya umati kama mgeni asiyetajwa kwenye harusi. Paul Dano, anayecheza nafasi zote mbili za mapacha, hafanyi kitu pale zaidi ya kubakiza tabasamu sekunde moja kupita kiasi. Inatosha.

Eli anashindwa, na nadhani sababu ya kushindwa kwake haijaangaliwa vya kutosha. Si kwamba imani yake ni ya bandia, ingawa ni ya bandia. Anashindwa kwa sababu hakuelewa mali ni nini. Alidhani shamba ambalo halijatiwa saini limehifadhika, kama akiba inayongoja mteja. Miaka kumi na sita baadaye anakuja na akiba hiyo mkononi, na kuilipia anakubali kutamka kwa sauti, mara nyingi, kwamba yeye ni nabii wa uongo na Mungu ni ushirikina. Anauza kitu cha mwisho alichonacho ili apate nafasi ya kuuza kitu ambacho hakipo. Ndipo anaposikia habari za mrija.

Na Bandy mwenyewe? Yeye ndiye mwenye shamba pekee katika filamu nzima aliyemwekea Plainview bei na bei ikalipwa. Ukiangalia vizuri utaona kwa nini. Kisima kinaweza kumnywa jirani kwa pembeni, lakini bomba haliwezi kuruka shamba. Plainview anataka bomba lifike pwani ili aachane na gharama za reli, na hili ni jambo la kweli kabisa katika historia: kampuni ya Standard Oil ilijijenga kwa punguzo la siri la nauli za treni, na wachimbaji huru wa Pennsylvania walipochoka walijenga bomba lao la Tidewater kupitia milima ya Allegheny mwaka 1879. Katika filamu wawakilishi wa Standard Oil wanamwahidi Plainview utajiri wa milioni kama atauza visima. Anawauliza akiuza atafanya nini na maisha yake. Mmoja anamjibu kwamba amtunze mwanawe, na Plainview anamwahidi kumkata koo usiku akiwa amelala. Kisha anaingia mkataba na Union Oil, lakini kati yake na bahari bado kuna shamba la mzee mmoja.

Bandy haombi fedha. Anataka Plainview abatizwe katika kanisa la Eli. Tukio la ubatizo limesifiwa kwa uigizaji, na sina la kupunguza: Daniel Day-Lewis amepiga magoti, anachapwa makofi, anashurutishwa kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba amemtelekeza mwanawe, na katika kukiri huko kuna neno moja linalotoka kweli, halafu linafungiwa tena ndani. Anapoinuka, maji yakimchuruzika, anasema kuhusu bomba. Wengine husema pale anaikejeli dini. Naona analipa ushuru wa njia, basi. Ameulizwa bei, ameitoa, amechukua risiti. Yule mzee hakujua kwamba chini ya miguu yake mafuta yalikuwa yakihama huku wao wakiimba.

Nimesema kwamba Plainview ni mtu wa sheria, na sitaki ieleweke kwamba filamu inamtetea. Tukio la mnara kuwaka moto linafunga mjadala huo. Gesi inalipuka, H.W. aliyekuwa juu anarushwa na anapoteza uwezo wa kusikia. Baba anamkimbilia, anambeba, anamlaza chini, anarudi kwenye moto. Mnara unaungua usiku, muziki wa Jonny Greenwood unagonga kama mashine iliyoshikwa na homa, uso wa Plainview umepakwa mafuta meusi na mwanga mwekundu. Anawauliza wenzake mbona wamenuna: bahari ya mafuta iko chini ya miguu yetu, na hakuna awezaye kuifikia isipokuwa mimi. Fletcher, msaidizi wake, anauliza kama mtoto yuko salama. Hapana, anasema Plainview, hayuko. Anaendelea kutazama moto.

Haachi kumpenda mtoto, ukiniuliza mimi. Kinachotokea ni kwamba furaha ile ya pili ni kubwa kuliko uchungu wa kwanza, na furaha hiyo haihusu fedha. Inahusu maneno “isipokuwa mimi.” Baadaye, akiwa kando ya moto na mtu anayejidai kuwa ndugu yake, anakiri kwamba ndani yake mna ushindani, kwamba hataki mtu mwingine yeyote afanikiwe, na kwamba anawachukia watu karibu wote. Anatamani apate fedha za kutosha ili akae mbali nao. Mtu wa tabia hiyo amekuwapo kila zama, na mara nyingi aliishia kuwa mlinzi wa mnara wa taa au mchunga ngamia asiyesalimu. Sheria iliyosema mali ni ya anayewahi, na kwamba mwenzako ni mrija tu unaokunyonya, ilimwinua mtu huyo ikamfanya milionea. Haikumwumba. Ilimhitaji.

Filamu ilipata uteuzi wa tuzo nane za Oscar na kushinda mbili, ya Day-Lewis kama mwigizaji bora na ya Robert Elswit kwa upigaji picha. Filamu bora mwaka ule ikawa No Country for Old Men, ambayo nayo ilipigwa sehemu yake huko Marfa, Texas. Muziki wa Greenwood haukuruhusiwa kushindania kwa sababu ulitumia kazi aliyokwisha kuitunga kabla. Sina ugomvi na matokeo hayo isipokuwa kwenye muziki. Nyuzi zile zinazopanda polepole juu ya vilima vitupu mwanzoni kabisa, kabla hatujaona mtu, zinakuambia ardhi ina kitu kibaya tumboni, na hakuna mstari wa maongezi ambao ungeweza kusema hivyo.

Sasa lawama, maana nazo zipo. Riwaya ya Sinclair ilikuwa ya kijamaa waziwazi. Mwandishi yule aligombea ugavana wa California mwaka 1934 kwa ahadi ya kumaliza umaskini, akashindwa. Katika kitabu chake kuna mgomo wa wafanyakazi wa visima, kuna vyama vyao, na Paul, kaka yake mhubiri, anakuwa mtu wa siasa anayelipia imani yake. Anderson ameyatupa yote. Katika filamu yake wafanyakazi wapo kufa tu: mmoja anafia kisimani na kuacha mtoto, mwingine anafia kisimani na kumpa Eli sababu ya kulalamika. Hatusikii mshahara wao. Hatusikii wakisema lolote kuhusu bwana wao. Wanawake nao ni kama hawakuwahi kuzaliwa California, ukimtoa Mary, ambaye anakua na kuolewa na H.W. karibu bila kusema kitu. Najua hoja ya upande wa pili: kwa kukata yote hayo Anderson alipata filamu yenye mfupa mmoja mgumu. Nakubali alipata. Ila alipata pia dunia ambamo tamaa ni ugonjwa wa mtu binafsi, na hapo ndipo watazamaji wanapopata njia rahisi ya kutoka ukumbini wakisema, ah, yule mzee alikuwa kichaa.

Kitu kingine kilichokatwa kinaonekana zaidi ukitazama kutoka huku kwetu. Katika filamu nzima hakuna serikali. Hakuna ofisa wa ardhi anayesumbua, hakuna mkaguzi, hakuna waziri, na hata polisi sikumbuki kumwona. Plainview anakwenda moja kwa moja kwa mzee Sunday kwa sababu mafuta ni ya mzee Sunday. Hilo ni jambo la Kimarekani mno. Katiba ya Uganda inayakabidhi mafuta kwa serikali, ya Kenya ya mwaka 2010 inayahesabu madini na mafuta kuwa ardhi ya umma, na sheria ya petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 inayaweka mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Bandy wa Missenyi, ambaye bomba la kutoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linapita kwenye migomba yake, hawezi kumtaka mwekezaji abatizwe. Anapewa fomu ya fidia. Anaweza kulalamikia kiwango, anaweza kulalamikia ucheleweshaji, lakini hawezi kusema hapana. Na Plainview wa kwetu hana haja ya kujifanya mwinda kware wala kuazima mtoto wa mtu ili aonekane mwenye familia. Safari yake inaanzia hotelini mjini, na hotuba yake nzuri anaitoa mbele ya watu watatu au wanne.

Cha ajabu ni kwamba hata Marekani ile ya kweli serikali ilikuwepo, na Anderson aliijua hadithi hiyo vizuri. Plainview amekatwa kwenye kitambaa cha mtu aliyeishi: Edward Doheny, aliyezaliwa Fond du Lac, Wisconsin, mji uleule ambao Plainview anautaja kama kwao. Doheny alitafuta madini ya fedha New Mexico, kama Plainview. Mwaka 1892 yeye na Charles Canfield walipata mafuta Los Angeles, kisha akatajirika zaidi Mexico. Tukio la boulingi lilipigwa ndani ya jumba la Greystone huko Beverly Hills, ambalo Doheny alilijenga kwa ajili ya mwanawe Ned, na ambamo Ned alikutwa amekufa kwa risasi Februari 1929 pamoja na msaidizi wake Hugh Plunkett.

Wawili hao, Ned na Plunkett, mwaka 1921 walibeba begi lenye dola 100,000 taslimu na kulifikisha kwa Albert Fall, waziri aliyesimamia ardhi ya taifa na rafiki wa Doheny tangu enzi za kutafuta fedha New Mexico. Doheny alisema ni mkopo. Mwaka uliofuata alipata haki ya kuchimba Elk Hills, California, akiba ya mafuta ya jeshi la wanamaji. Na sababu iliyotolewa kuutetea uamuzi ule ilikuwa ipi? Kwamba visima vya watu binafsi vilivyo jirani vinaifyonza akiba ya serikali, kwa hiyo afadhali ichimbwe kabla haijakauka. Anderson mwenyewe aliwahi kueleza kwamba mfano wa milkisheki aliutoa katika kumbukumbu za vikao vya Bunge vilivyochunguza kashfa hiyo, inayojulikana zaidi kwa jina la Teapot Dome.

Kwa hiyo mrija ule ulianzia bungeni, mbele ya wabunge na mawakili, kama kisingizio cha serikali kugawa mali yake kwa rafiki. Filamu imeuchukua ikaupeleka kwenye ugomvi wa wazee wawili chumbani. Imechukua jumba, imechukua Fond du Lac, imechukua hata mwaka 1927, ambao ndio mwaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoufuta mkataba wa Elk Hills kwa sababu ya ulaghai. Begi haikulichukua. Mwaka 1929 Fall alitiwa hatiani kwa kupokea rushwa kutoka kwa Doheny, akawa waziri wa kwanza wa Marekani kufungwa kwa kosa alilolitenda akiwa madarakani. Mwaka 1930 Doheny akashitakiwa kwa kumpa Fall rushwa ileile, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru.

Ningependa kumwona Plainview wa Day-Lewis katika ofisi ya Fall. Mwaka 1921 angekuwa na umri ufaao, fedha anazo, na adabu ile ya kuazima bado haijamtoka. Mbele yake angekuwa na mtu asiyeweza kuuziwa kware kwa sababu anajua bei ya kila kilichomo ndani ya begi.